Kwa Nini Mnyama Yuko Alivyo: Uanze na Empedocles, Democritus, Plato au Aristotle?

Meno ya mbele ya mtu ni membamba na makali, ya kukatia. Magego ni mapana, ya kusagia. Swali lililowagawa Wagiriki wa kale ni hili: je, meno yameota hivyo ili yakate na kusaga, au yaliota tu hivyo, na kwa kuwa yalifaa, wenye meno ya namna hiyo wakaendelea kuishi? Ukilijibu la meno umeshalijibu la jicho, la bawa na la mkonga wa tembo, na mwisho wake utakuwa umesema kama maumbile yana kusudi au hayana.

Ulinganisho huu ni kwa anayetaka kulifuata swali hilo mpaka kwa Wagiriki wenyewe na hajui aanze na nani: mwanafunzi wa falsafa, mwalimu wa biolojia, au mtu aliyechoshwa na mabishano ya uumbaji na mageuko ambamo jina la Aristotle hutupwa huku na huku bila kusomwa. Nawaweka wanne mezani, Empedocles, Democritus, Plato na Aristotle, na wachache wengine nitawaita pale wanapohitajika. Wote nitawauliza mambo yale yale: meno, uti wa mgongo, kucha, yai la kuku, na mtoto kufanana na wazazi wake. Msimamo wangu nautoa mapema. Naamini wengi wanafaa kuanza na Aristotle, ila si kwa sababu inayotajwa sana, kwamba eti alionyesha ulimwengu umepangwa na mpangaji. Hilo hakulisema, na ndilo hasa linalomtenga na mwalimu wake.

Wanne wenyewe

Empedocles alikuwa mtu wa Acragas, mji wa Sicily unaoitwa leo Agrigento, karne ya 5 KK. Falsafa yake aliitunga kwa mashairi, kama wanazuoni wetu wa pwani walivyofundisha dini na adabu kwa utenzi. Anasema kila kitu kimetokana na mizizi minne, yaani moto, hewa, maji na udongo, ambayo Upendo huiunganisha na Ugomvi huitenganisha. Na wanyama? Kwanza ardhi ilichipua viungo vitupu: vichwa bila shingo, mikono bila mabega, macho yakizurura peke yake yakikosa paji la uso. Vikakutana na kuungana ovyo, wakatokea ng'ombe wenye nyuso za watu na watu wenye vichwa vya ng'ombe. Waliounganika vizuri wakaishi, wengine wakaangamia. Mashairi hayo yametufikia vipande vipande, na vipande vyenyewe bado vinaongezeka: mwaka 1999 vilichapishwa vingine vilivyosomwa kwenye papiro iliyohifadhiwa Strasbourg.

Democritus wa Abdera, aliyezaliwa yapata 460 KK, ni mtu wa atomu na utupu. Mnyama, sawa na jiwe, ni atomu zilizogongana na kushikana kwa lazima, bila mtu wala mungu aliyekusudia. Shida yake kwa msomaji wa leo ni kubwa: alichoandika kuhusu wanyama kimepotea, na tunamsikia zaidi kwa kinywa cha Aristotle, mpinzani wake.

Plato ameliweka jibu lake katika Timaeus. Humo yuko Fundi mwema aliyeutazama mfano wa milele akaupanga ulimwengu kwa kuufuata, kisha kazi ya kuunda miili akawaachia miungu wadogo.

Aristotle alizaliwa Stagira mwaka 384 KK, mtoto wa tabibu wa mfalme wa Makedonia. Alikaa miaka 20 kwenye Akademia ya Plato. Plato alipofariki mwaka 347 KK, akaondoka Athens, akaishi Assos na kisha kisiwa cha Lesbos. Mambo mengi anayoyasimulia kuhusu samaki na viumbe vya baharini anayataja pamoja na ghuba ya Pyrrha ya kisiwa hicho, inayoitwa leo Kalloni. Anaonekana wazi kuwa ni mtu aliyekaa na wavuvi akawauliza maswali na kupasua walichovua. Kati ya wanne hawa ni yeye peke yake ambaye vitabu vyake vya wanyama vimebaki, na ni vingi, vimetaja aina zaidi ya 500 za viumbe.

Meno

Jibu la Empedocles kwa meno ndilo Aristotle analolieleza katika kitabu cha pili cha Fizikia kabla ya kulipinga. Analieleza kwa uaminifu kiasi kwamba limemchanganya hata Charles Darwin. Katika dibaji ya kihistoria ya toleo la 1866 la kitabu chake cha asili ya spishi, Darwin aliinukuu hoja hiyo akidhani ni ya Aristotle mwenyewe, akaona ndani yake mwanga hafifu wa uteuzi asilia. Hoja ilikuwa ya upande wa pili. Hoja yenyewe inakwenda hivi: mvua hainyeshi ili mazao yakue, hunyesha kwa kuwa mvuke uliopanda umepoa, na mazao hukua kwa kufuatana tu. Basi kwa nini meno nayo yasiwe hivyo, yameota kwa lazima na kufaa ni sadfa?

Aristotle anajibu kwamba kinachotokea daima, au karibu daima, hakiwezi kuitwa bahati. Mvua ikinyesha majira yake hakuna anayeshangaa. Tunasema bahati pale inapokuja kiangazi. Meno ya mbele huota makali kwa kila mtoto, magego huota mapana kwa kila mtoto. Basi si sadfa. Mimi naona jibu hili lina nguvu na lina pengo. Linaonyesha kwamba meno ya leo hayatokei kwa bahati, lakini Empedocles alikuwa akizungumzia mwanzo wa vizazi. Hata hivyo usimgeuze Empedocles kuwa Darwin. Kwake hakuna aina moja inayobadilika polepole kuwa nyingine. Mchujo ulipita mwanzoni kwa majitu yaliyounganika ovyo, basi.

Democritus naye alikuwa na maelezo ya meno ya utoto kung'oka: huota mapema mno kwa sababu ya kunyonya, kabla ya wakati wake, ndiyo maana hayadumu. Ni maelezo ya lazima tupu, chanzo kinasukuma na tokeo linafuata. Aristotle anamlaumu kwa kutoa kanuni ya jumla bila kuwatazama wanyama wote, na mfano anaoutoa ni nguruwe, ambaye ananyonya lakini, anasema, habadilishi meno. Lawama ni ya haki na mfano ni mbovu, maana nguruwe hubadilisha meno. Maelezo yake mwenyewe ni kwamba meno ya mbele huwa butu kwa kutumika, basi ni vema yang'oke mapya yaje, na lazima ya kimwili nayo ipo humo humo. Hapo unauona mtindo wake wote: halikatai la Democritus, anasema halitoshi. Meno yana chanzo kinachoyasukuma na yana jambo yanalolitumikia, na mtafiti anatakiwa atoe yote mawili.

Uti wa mgongo na kucha

Empedocles alisema uti wa mgongo una pingili kwa sababu kiumbe kilijikunja tumboni mwa mama, uti ukavunjika. Aristotle analichukua jambo hili dogo na kulifanya mlango wa kitabu chake cha viungo vya wanyama. Kwanza, anasema, mbegu yenyewe lazima iwe tayari na uwezo wa kutoa kiumbe cha namna hiyo. Pili, mzazi alitangulia, na mtu huzaa mtu. Wahenga wetu wangemwelewa mara moja: mtoto wa nyoka ni nyoka. Ajali ya tumboni haiwezi kurudiwa vile vile kwa kila mtoto wa kila mwanamke. Kwa hiyo, anahitimisha, ukuaji ni kwa ajili ya umbo linalofikiwa, wala si umbo kwa ajili ya ukuaji. Kama ungeniomba sentensi moja ya Aristotle ya kumpa mwanafunzi wa biolojia, ningempa hiyo.

Kwenye kucha ndipo Plato na mwanafunzi wake wanapoachana waziwazi. Katika Timaeus, wanyama wengine wote wametokana na watu walioishi vibaya. Ndege ni watu wepesi wa akili waliotazama nyota wakadhani macho yanatosha. Wanyama wa nchi kavu ni wale wasioijali falsafa, vichwa vyao vikavutwa chini mpaka wakahitaji miguu minne au zaidi. Samaki ni wajinga kupita wote, hata hewa safi hawakustahili kuivuta. Sasa miungu waliomuunda mtu walijua kwamba siku moja kutokana na mwanamume watatoka wanawake na wanyama, na wanyama hao watahitaji makucha. Kwa hiyo wakampa mtu kucha changa tangu mwanzo, akiba ya watakaokuja.

Aristotle anasema kucha za mtu zinafunika na kulinda ncha za vidole. Basi. Kiungo chako kinakufaa wewe, katika maisha yako. Kwa Plato mnyama anasomwa kama hukumu juu ya mwanadamu. Kwa Aristotle mnyama anasomwa kwa ajili ya mnyama. Kwenye utumbo, hata hivyo, mwanafunzi amerithi: Plato alisema utumbo umezungushwa ili chakula kisipite upesi tukawa walafi tusio na nafasi ya kufikiri, na Aristotle naye anaona wanyama wenye utumbo mfupi ulionyooka ndio walafi zaidi.

Na mkono? Anaxagoras wa Clazomenae alisema mtu amekuwa na akili kuliko wanyama wote kwa sababu ana mikono. Aristotle akageuza: amepewa mikono kwa sababu ana akili, maana chombo hupewa anayeweza kukitumia. Hapa mimi sioni kwamba Aristotle ameshinda. Hoja ya Anaxagoras bado iko hai, na wanaochunguza chimbuko la binadamu hawajaacha kuuliza mikono ilichangia nini katika akili yetu.

Yai la kuku

Hapa ndipo penye utamu. Ukuaji wa mnyama umefichwa tumboni, isipokuwa kwa ndege. Mwandishi mmoja wa mkusanyiko wa Hippocrates, yaani maandishi ya utabibu yaliyopewa jina la tabibu huyo wa Kigiriki, mwandishi ambaye jina lake halikubaki, ametoa maagizo ya jaribio kwenye risala kuhusu maumbile ya mtoto: chukua mayai 20 au zaidi, wape kuku wawili au zaidi wayaatamie, kisha kila siku kuanzia ya pili pasua moja utazame, mpaka siku ya kutotoa. Utaona, anasema, kwamba ukuaji wa ndege unafanana na wa binadamu.

Aristotle ametuachia kilichoonekana ndani. Kwa kuku, dalili ya kwanza huonekana zikipita siku tatu na usiku tatu. Moyo unatokea kama tone la damu ndani ya ute, na tone hilo linadunda na kusogea kana kwamba limekwisha kuwa hai. Kutoka hapo mishipa miwili yenye damu inakwenda kwa kujipinda kuelekea utando unaozunguka. Baadaye kidogo mwili unaonekana, mdogo na mweupe, na kichwa kina macho yaliyovimba. Siku ya kumi kifaranga kizima kinaonekana na viungo vyake vyote. Kichwa bado ni kikubwa kuliko mwili, na jicho ukilitoa ni kubwa kuliko punje ya kunde, jeusi, na ukimenya ngozi yake ndani mna majimaji meupe ya baridi yanayong'aa. Vitovu viko viwili, kimoja kinakwenda kwenye utando ulio chini ya ganda, kingine kwenye kiini. Siku ya 20 hivi, ukivunja ganda ukamgusa, kifaranga anatikisika na kulia, amelaza kichwa juu ya mguu wa kulia na bawa limekifunika kichwa.

Aliyewahi kufuga kuku anajua kwamba siku ya 21 ndiyo ya kutotoa, na anaweza kuyahakiki mengi ya hayo kwa macho yake. Moyo huanza kudunda mapema kidogo kuliko alivyosema, lakini kwa jicho tupu siku ya tatu ndiyo unayouona vizuri.

Mwandishi wa mayai 20 alitaka kufananisha. Aristotle alitaka zaidi, alitaka kuamua kesi: je, viungo vyote vipo tangu mwanzo, vidogo visivyoonekana, kisha vinakua tu, au vinatokea kimoja baada ya kingine? Anajibu kwamba macho yanaonyesha vingine vimeshatokea na vingine bado. Mtu akisema labda vipo ila ni vidogo mno, Aristotle ana jibu: pafu ni kubwa kuliko moyo, lakini huonekana baadaye. Ingekuwa ni suala la udogo, kikubwa kingetangulia kuonekana. Sijui hoja nyingine ya zamani iliyo fupi na safi kama hiyo. Akaongeza kwamba mbegu haihitaji kubeba viungo. Inatosha ianzishe mwendo, na sehemu moja iisukume nyingine, kama vikaragosi vya maonyesho vya zama zake vilivyotembea vyenyewe vikishasukumwa mara moja.

Kesi hiyo haikufungwa. Katika karne ya 17 wataalamu wengi wa Ulaya walirudi kuamini kwamba kiumbe kizima kimo tayari ndani ya yai au mbegu. Tabibu Mwingereza William Harvey, aliyechapisha kitabu chake cha uzazi wa wanyama mwaka 1651, alisimama upande wa Aristotle baada ya kupasua mayai yake mwenyewe, na ukuaji wa hatua kwa hatua akauita epijenesi. Ndio ulioshinda.

Plato hana yai. Empedocles na Democritus walizungumzia mimba na mbegu, lakini hatuna kwao maelezo ya kutazama siku kwa siku. Kama unataka kumwona Mgiriki akifanya kazi ya sayansi mbele yako, uchaguzi umekwisha hapa.

Mtoto anafanana na nani

Kwenye urithi mambo yanageuka. Waandishi wa Hippocrates, na Democritus pamoja nao, walisema mbegu hutoka mwili mzima, na kwa waandishi wa Hippocrates mama na baba wote hutoa mbegu. Ndiyo maana mtoto hufanana na wote wawili. Aristotle akaipiga nadharia hiyo kwa hoja nzuri sana. Mtoto huja kuota ndevu kama za baba ambaye alipomzaa hakuwa na ndevu. Kilichokuwa hakipo kimetokaje mwilini? Waliokatika kiungo huzaa watoto wazima. Watoto hufanana na mababu waliokufa zamani. Hoja hizo zinabomoa kweli.

Lakini alichojenga mahali pake kina kasoro. Alisema mama hutoa malighafi, damu ya hedhi, na baba hutoa umbo na mwendo, mfano wa seremala asiyeingiza kipande chake cha mwili ndani ya kitanda anachokitengeneza. Akafika kumwita jike kama dume lililopungukiwa. Nalisema hili bila kulipamba, kwa kuwa wapo wanaomfundisha Aristotle na kuliruka. Ni kosa, na halikubaki maktabani: lilinukuliwa kwa karne nyingi kuhalalisha kuwadharau wanawake. Baadaye katika kitabu hicho hicho analegeza, anakubali kwamba miendo ya upande wa mama na ya mababu inaweza kujitokeza kwa mtoto, na bila hivyo asingeweza kueleza kwa nini mtoto amfanane mama. Kwenye jambo hili moja, aliyeamini wazazi wawili wanachangia kwa namna moja alikuwa karibu zaidi na ukweli tunaoujua.

Kosa lake jingine kubwa ni kuamini kwamba mkunga na chaza huzuka kwenye tope bila wazazi. Mkunga alimpasua asione mayai wala manii, na alichokiona alikiona sawasawa. Kosa lilikuwa kwenye kuhitimisha.

Kusudi la nani?

Watu wengi husikia "kusudi katika maumbile" wakadhani Wagiriki wote wa upande huo walisema kitu kimoja. Walisema vitu vitatu tofauti.

La kwanza ni kusudi la mtengenezaji. Hilo ni la Plato, na kabla yake la mwalimu wake Socrates kama anavyosimuliwa na mwanafunzi mwingine, Xenophon: kope zimewekwa kama milango ya macho, nyusi kama upenu wa kuzuia jasho, meno ya mbele ya kukata na magego ya kusaga, yote kazi ya fundi mwenye hekima anayewapenda viumbe. La pili ni kusudi la mtumiaji, yaani mwanadamu. Wastoa, kundi la wanafalsafa waliokuja baada ya Aristotle, ndio waliolifikisha mbali: mmoja wao, Chrysippus, alisema nguruwe amepewa roho badala ya chumvi ili nyama yake isioze kabla hatujaila, na kunguni wanafaa kwa kuwa wanatuamsha.

La tatu ni la Aristotle, na ndilo gumu kulishika. Kusudi ni la kiumbe chenyewe. Mbayuwayu hujenga kiota na buibui husuka utando bila kushauriana na yeyote wala kufikiri, na bado kuna jambo wanalolifanyia. Basi kusudi halihitaji akili iliyokaa pembeni ikipanga. Maumbile, anasema, yanafanana na tabibu anayejitibu mwenyewe. Na wala si kila kitu kina kusudi. Nyongo, anasema, ni taka tu ya mwili, tusiisumbukie kuitafutia kazi. Hapo alikosea kuhusu nyongo lakini kanuni yake ni nzuri. Jicho lina kusudi, ila kuwa la buluu au jeusi hakuna kusudi lolote, ni matokeo ya lazima.

Zipo sehemu zinazomsumbua anayetaka kumsafisha kabisa, nami sizifichi. Katika Siasa aliandika kwamba mimea ipo kwa ajili ya wanyama na wanyama kwa ajili ya watu. Na kuhusu papa, ambaye mdomo wake uko upande wa chini, anasema maumbile yamefanya hivyo ili samaki wengine wapate nafasi ya kuponyoka, na pia ili papa mwenyewe asife kwa ulafi. Akamtia na pomboo humo, kimakosa. Ni sehemu chache ukilinganisha na mamia ya kurasa ambako mdomo, kwato na pembe vinaelezwa kwa maisha ya mwenye navyo. Kwa hiyo anayemtumia kama shahidi wa mpangaji, na anayemkataa kwa kumdhania ni shahidi wa mpangaji, wote wawili wanamsoma Plato bila kujua.

Basi uchague nani

Kama unachotafuta ni mzizi wa mjadala wa mageuko, anza na vipande vya Empedocles, ni vichache na vinasomeka kwa siku moja, na hapo hapo fungua sura ya nane ya kitabu cha pili cha Fizikia uone akijibiwa. Usimsome peke yake, maana vipande bila mpinzani vinakuachia nafasi ya kujaza unachopenda.

Democritus nisingemshauri mtu aanze naye, japo namheshimu. Ukitaka upande wa atomu ukisema kwa kinywa chake, nenda kwa Mrumi Lucretius, aliyeyafuata katika karne ya 1 KK mafundisho ya Epicurus, Mgiriki aliyeishika nadharia ya atomu baada ya Democritus. Kitabu chake cha nne kinatetea kwa nguvu kwamba hakuna kiungo kilichotokea ili tukitumie, bali kilichotokea ndicho kilichozaa matumizi yake. Cha tano kinarudi kwa majitu yaliyoshindwa kuishi.

Mtu wa dini, au anayejali zaidi roho na wema kuliko mifupa, atafaidika na Plato. Ila Timaeus ni ngumu. Soma kwanza zile kurasa za Phaedo, kitabu kingine cha Plato, ambamo Socrates, akiwa gerezani, anasimulia alivyomfurahia Anaxagoras kwa kusema Akili ndiyo iliyopanga vyote, kisha akakata tamaa alipoona kitabu kinaeleza kwa hewa na maji tu. Kutamauka huko ndiko kulikozaa Timaeus.

Kwa mwalimu wa biolojia, na kwa wengine wote, ni Aristotle. Usianze na ile historia ndefu ya wanyama ukurasa wa kwanza, utachoka. Soma kitabu cha kwanza cha viungo vya wanyama, hasa sura ya kwanza na ya tano. Ya tano ndiyo anapowasihi wanafunzi wasione kinyaa kuchunguza viumbe duni, akikumbusha Heraclitus alivyowaambia wageni waliosita kuingia alipokuwa akiota moto: ingieni, hata hapa miungu ipo. Kisha soma yai, sura ya tatu ya kitabu cha sita cha historia ya wanyama. Kisha mlango wa nyuki katika kitabu cha tatu cha uzazi wa wanyama, ambamo baada ya kujenga nadharia nzima anasema mambo ya nyuki hayajachunguzwa vya kutosha, na yakichunguzwa, macho yaaminiwe kuliko nadharia. Mwaka 1882 William Ogle alimpelekea Darwin tafsiri yake ya kitabu cha viungo; Darwin akamjibu kwamba Linnaeus na Cuvier, wataalamu wakubwa wa viumbe wa Ulaya waliokuwa miungu wake, walikuwa watoto wa shule tu mbele ya mzee Aristotle.

Anayesoma Kiarabu, na wako wengi kuanzia Lamu hadi Muscat, ana njia yake. Vitabu hivi vitatu vilifasiriwa kwa Kiarabu vikawa kimoja chenye makala 19, Kitab al-Hayawan, na al-Jahiz wa Basra alimtaja na kumpinga Aristotle mara kwa mara katika kitabu chake chenye jina hilo hilo katika karne ya 9.

Ukishamaliza hao, mtafute Theophrastus wa Eresos, mwanafunzi na mrithi wa Aristotle. Risala yake ya metafizikia, yaani falsafa ya misingi ya kwanza ya vitu, ni ya kurasa chache tu, nayo inauliza kwa utulivu ni wapi kusudi linakomea: chuchu za mwanamume ni za nini, na pembe kubwa za paa dume zinazomletea madhara mwenyewe ni za nini? Msome wa mwisho, kwa sababu maswali yake yanauma tu kwa yule aliyekwisha kushawishika.